Sura ya Tano: Kama Wameachana, Mbona Wanaimba Pamoja?

Basi lilikuwa limeshavuka Mto Rufiji na kuiacha Ikwiriri nyuma, kondakta akachomeka flashi nyingine kwenye runinga iliyo juu ya kichwa cha dereva. Vichekesho vikaondoka, ukaingia wimbo wa taratibu. Mwanamume kakaa ufukweni peke yake, suruali kaikunja hadi magotini. Mwanamke yuko dirishani peke yake, nje mvua inanyesha. Mwanamume akalalamika ubeti mzima, akampisha mwanamke, naye akalalamika la kwake. Kisha kikaja kiitikio, na sauti zile mbili zikaungana.

Kando yangu alikaa bibi mmoja aliyekuwa akirudi kwake Kilwa Kivinje. Alikwenda Mbagala kumwangalia binti yake aliyejifungua. Tangu Mkuranga hakuwa amesema neno ila kuitikia shikamoo yangu na kunigawia korosho. Aliutazama wimbo ule hadi katikati, akanigusa bega.

"Mjukuu wangu, hawa si wameachana?"

"Ndiyo, bibi. Wameachana."

"Sasa mbona wanaimba pamoja?"

Nilicheka, nikamwambia ni sanaa tu. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Baadaye nikagundua swali hilo wanaliuliza wengi, kila mtu kwa mdomo wake: kinyozi, mwanafunzi, dada wa saluni. Watu waliotengana, wasiopokeleana hata simu, wanapataje kusimama kwenye wimbo mmoja na kuimba kiitikio kimoja bila kupishana hata nusu pumzi? Na sisi tunaosikiliza, tunafuata nini humo?

Kwanza tukubaliane majina. Ninaposema wimbo wa walioachana nina maana ya wimbo wa mwendo wa polepole, wenye huzuni, ambamo mwanamume na mwanamke wanaimba kwa zamu kama wapenzi ambao penzi lao limekwisha. Kizazi cha disko kiliziita nyimbo za mwendo huo bluzi, na zilipopigwa taa zilizimwa. Leo wasanii wawili wakiimba pamoja vijana husema ni kolabo, yaani wimbo wa kushirikiana. Kiitikio ni ile sehemu inayojirudia, ambayo abiria wote wa basi huijua hata kama beti hawazijui.

Kitenzi kimoja, midomo miwili

Jibu la kwanza limo katika Kiswahili chenyewe. Lichukue neno acha. Ukisema nimemwacha, umeshika kisu wewe. Ukisema nimeachwa, kisu kimeshikwa na mwingine. Nimeachika ni hali: mtu yuko hivyo, hatajwi aliyemfanya awe hivyo, na pwani neno hilo mara nyingi hulisema mwanamke aliyetoka katika ndoa. Halafu lipo la nne, tumeachana. Kile kiambishi -ana kinagawa jambo kwa wawili, kama vile kupigana, kupendana, kusameheana. Hakuna mtu awezaye kuachana peke yake.

Sasa wasikilize watu halisi. Mtu aliyeondoka, ukimuuliza habari za mwenzake, hukujibu haraka, "Tuliachana." Neno hilo linamfaa, linagawa lawama nusu kwa nusu. Aliyebaki mlangoni hasemi hivyo. Yeye husema, "Kaniacha," na atalisema hivyo miezi mingi, pengine miaka, mpaka siku moja limtoke bila kutarajia: tuliachana. Siku hiyo ndugu zake hupumua.

Kwa hiyo mwimbaji akiwa mmoja hana njia ya kuimba tumeachana akaaminika. Anaweza kuimba kaniacha tu, au akiwa jasiri, nimemwacha. Chukua "Zuwena" ya Marijani Rajab, aliyoimba na bendi ya Dar International. Ni wimbo mzuri sana, na wazee wa dansi wakiusikia bado wanaweka glasi chini. Lakini Zuwena mwenyewe hatujamsikia hadi leo. Tumemhukumu kwa maneno ya mlalamikaji peke yake.

Wimbo wa wawili unamwita Zuwena aje ajibu. Ugomvi wote uliomo ndani yake ni ugomvi wa kitenzi kimoja. Ubeti wa kwanza unadai uliniacha, wa pili unajibu tuliachana, au kinyume chake. Kiitikio wanachoimba pamoja ndiyo sentensi pekee ambayo wote wawili wako tayari kuitia saini, na mara nyingi ni sentensi fupi: inauma, nakukumbuka, yalikuwa mazuri. Zaidi ya hapo hawakubaliani.

Kikao ambacho hakikufanyika

Nilimweleza bibi habari hiyo ya kitenzi? La. Sikuwa nimeifikiri bado. Lakini nadhani angenijibu kwamba kwao jambo hilo halihitaji wimbo, lina kikao chake.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, kama kwingine kwa Waswahili, ndoa haikatikii chumbani. Ikianza kuyumba anaitwa mshenga, yule aliyepeleka posa, maana aliyefunga mzigo ndiye ajuaye fundo lilipo. Mkeka unatandikwa. Wazee wa pande mbili wanakaa. Mume anasema ya kwake hadi mwisho bila kukatizwa, kisha mke anasema ya kwake hadi mwisho bila kukatizwa. Anayeropoka katikati anaambiwa asubiri zamu. Serikali nayo iliuona utaratibu huu ukaingia katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza la usuluhishi la ndoa lithibitishe kwamba limejaribu kuwapatanisha likashindwa.

Sikiliza tena mpangilio huo: mmoja anasema hadi mwisho, mwenzake anasema hadi mwisho, halafu wote wawili wanaulizwa jambo moja mbele ya mashahidi. Hilo ndilo umbo la wimbo aliokuwa akiutazama bibi. Ubeti, ubeti, kiitikio.

Na kuna kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kinaleta ile huzuni yenyewe. Ni eda. Eda ni muda ambao mwanamke wa Kiislamu aliyepewa talaka hukaa kabla hajawa huru kuolewa na mwingine. Kwa anayepata hedhi ni hedhi tatu, yaani miezi kama mitatu, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Talaka ikiwa ni ya kwanza au ya pili huitwa talaka rejea: ndani ya eda mume anaweza kumrudia mkewe bila kufunga ndoa upya. Hebu fikiria miezi hiyo mitatu. Mmeachana, lakini mlango haujatiwa komeo. Ukipita mtaani mtu anakuuliza, mmerudiana? Mama mkwe hajui akuite nani.

Wimbo wa walioachana unakaa ndani ya chumba hicho. Hata waimbaji wawe Wakristo, hata wale wanaoigizwa wasiwe wamewahi kuoana (wimbo hauulizi cheti), swali linalozunguka ndani yake ni la eda: je, unarudi? Kama mlango ungekuwa umefungwa kabisa, mwanamke asingejisumbua kujibu ubeti wa pili. Na kama ungekuwa wazi kabisa, mwanamume asingekaa ufukweni kukunja suruali.

Vijana wa leo wengi wanapendana bila posa wala mshenga, na wakishindwana hakuna mkeka wa kutandika. Penzi la miaka minne linaisha kwa ujumbe wa simu na namba kublokiwa. Kila mmoja anabaki na hotuba yake yote kifuani, hakuna mzee wa kumhutubia. Wimbo ndio unaompa kikao. Ndiyo maana kwenye daladala ukipigwa wimbo wa namna hiyo, watu hawakai kimya kama wanaosikiliza kasida. Wanahukumu. "Huyu mwanamke muongo." "Muongo wapi, huyo mume si alikuwa harudi nyumbani?" Msikilizaji amegeuzwa mzee wa baraza, na ile zawadi ya kuhukumu mambo ya watu bila kulipa fidia ni tamu kuliko mdundo.

*Kwa ufupi, kabla hatujaendelea:* wanaimba pamoja kwa sababu kuachana ni tendo la wawili, na pwani yetu tendo la wawili husikilizwa pande mbili. Kuimba pamoja si kurudiana. Ni kukalia mkeka mmoja.

Sauti hizi zilitoka wapi

Usidhani kwamba mwanamume na mwanamke kujibizana hadharani habari za penzi ni jambo la kale sana. Kujibizana ni kwa kale, ndiyo. Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906, moshi wa vita vya Maji Maji ukiwa bado hewani, akazunguka bara ya Lindi na silinda zake za nta akirekodi ngoma. Alichokikuta ndicho tunachokijua hata leo: mmoja anatoa, wengi wanapokea. Ngoma ya beni nayo iliposhuka pwani, mitaa iligawanyika, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wakatukanana kwa nyimbo na magwaride. Na washairi wamelumbana kwa beti tangu enzi za Muyaka kule Mombasa.

Lakini hayo ni majibizano ya kundi na kundi, au ya mwanamume na mwanamume. Katika unyago wanawake waliimba peke yao, katika jando wanaume waliimba peke yao, na yaliyosemwa kule hayakuletwa barazani. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili alifuatana na wanaume, akina Mbaruk na Subeti, na sauti zao zilikaa pamoja katika kikundi kimoja. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mtu mume na mtu mke kusimama mbele ya maikrofoni wakiwa wawili tu, kuigiza kwamba penzi lao limekufa, ni mambo ya mjini na ya zama za karibu.

Mjini huko watu wa Kilwa walikuwapo mapema. Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na bendi zilizobeba majina ya makwao: watu wa magharibi walikuwa na Western Jazz, na Ahmed Kipande aliongoza Kilwa Jazz. Mhamiaji aliyetoka kusini alikwenda dansini kusikia jina la kwao likitajwa kwenye kipaza sauti, hata kama gitaa lilikuwa likiiga Cuba na Kongo. Nyimbo za mapenzi zilikuwa tele, ila waimbaji karibu wote walikuwa wanaume. Mwanamke aliimbwa. Hakuimba.

Kwa masikio yangu mlango ulifunguka vizuri miaka ya 1980, Hemed Maneti na Kida Waziri walipokuwa jukwaa moja katika bendi ya Vijana Jazz. Hapo msikilizaji wa Radio Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara, aliweza kumsikia mwanamke wa dansi akiwa na maneno yake, si mapambo ya sauti nyuma ya mwanamume. Ukisikia leo ule utulivu wa Maneti na ule ukali mdogo uliofichwa katika sauti ya Kida unaelewa kwamba mwimbaji wa pili hakuja kuitikia. Alikuja kutoa ushahidi.

Dansi lilikuwa na jambo moja ambalo nyimbo za leo zimelipoteza, na mimi nalililia. Wimbo wa dansi uliwekwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikwenda polepole, humo ndimo mlikuwa na maneno na machozi. Kisha gitaa zikachangamka, ikaingia sehemu ya pili iitwayo chemko, dakika tatu nne za kucheza tu. Yaani ukishalia unasimama. Wimbo wa sasa una dakika tatu na nusu zote za kulia, na ukimaliza unaanza upya.

Barabara ya kusini

Huzuni ya kusini ina sababu zake, na mojawapo ni barabara.

Kabla ya mwaka 2003, Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 hivi lilipokamilika, mtu wa Kilwa au Lindi aliyekwenda Dar es Salaam alikuwa amekwenda kwelikweli. Rufiji ilivukwa kwa kivuko, masika barabara iligeuka tope, na safari ambayo leo ni ya siku moja ilikula siku kadhaa. Kijana aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Jina la wachuuzi wa mitaani, wamachinga, wengi wanalihusisha na Wamachinga wa Lindi, vijana waliobeba bidhaa mabegani Kariakoo wakati wachumba wao wakiwangoja nyumbani. Aliyebaki alituma salamu redioni kwa kadi, akataja majina ya watu kumi, na jina moja katika hayo kumi ndilo lililokusudiwa.

Kwa hiyo wimbo kama "Nitarejea" wa Diamond Platnumz na Hawa, wa mwanzoni mwa safari ya Diamond, ulipotoka, watu wa kusini hawakuhitaji kufafanuliwa. Mwanamume anaondoka, mwanamke anabaki, kila mmoja ana zamu yake. Mtu makini atasema, hawa hawajaachana, wameagana. Ni kweli. Lakini mwulize mwanamke yeyote wa Somanga ambaye mumewe alikwenda mjini akakaa miaka sita: kuagana kuligeuka kuachana siku gani hasa? Hakuna tarehe. Hakukutolewa talaka wala eda haikuhesabiwa. Kuna jina linalokosa kutajwa redioni, basi.

Na barabara haijaacha kuwatenganisha watu wake. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara eneo la Somanga na mabasi ya Lindi na Mtwara yakakwama siku kadhaa. Walionasa upande huu na upande ule walikula samaki wa kukaanga wa Somanga mpaka wakawachoka, wakisubiri.

Vyumba viwili vya studio

Hapa kuna siri ambayo bibi angeifurahia. Wale wawili mara nyingi hawakuimba pamoja.

Siku hizi mwanamume anaingiza sauti yake katika studio moja, faili linatumwa kwa simu, na mwanamke anaingiza yake wiki mbili baadaye katika studio nyingine, pengine mji mwingine. Prodyuza, yaani mtengenezaji wa muziki, ndiye anayewaunganisha. Kukutana kwao ni siku ya kupiga picha za video, na hata hapo, kama ulivyoona, mmoja yuko ufukweni na mwingine dirishani. Ushirika wote unaousikia umeshonwa na mtu wa tatu aliyevaa vipokea sauti masikioni. Mshenga hajafa, amehamia kwenye kompyuta.

Kuna na suala la koo. Sauti za kiume na za kike hazilingani kimo. Wimbo ukipangwa kimo kinachomfaa mwanamume, mwanamke anazama, na ukipangwa kinachomfaa mwanamke, mwanamume anapasuka. Prodyuza anatafuta katikati: mwanamume anavutwa juu hadi sauti inakaribia kukwaruza, mwanamke anashushwa hadi inakaribia kuwa mnong'ono. Tunasema wanaimba kwa uchungu. Sehemu ya uchungu huo ni hesabu.

Wakati mwingine maisha yenyewe ndiyo yanayobadilisha wimbo. Vanessa Mdee na Jux, ambao penzi lao lilifuatiliwa na nchi nzima, walitoa "Sumaku" mwaka 2019. Ulikuwa wimbo wa mvuto, wa wawili wasioweza kukaa mbali. Muda si mrefu ikajulikana kwamba wametengana. Hakuna noti hata moja iliyobadilika katika "Sumaku", lakini jaribu kuisikiliza sasa kama ulivyoisikiliza siku ya kwanza.

Ukitaka kuusikiliza wimbo wa walioachana kama mzee wa baraza, shika haya machache:

- Nani anaanza? Anayeanza ndiye mlalamikaji, na mtunzi amekwisha kuegemea kwake kidogo.
- Ubeti wa pili unajibu swali la wa kwanza, au unazungumza mambo mengine? Asiyejibu alichoulizwa ana jambo.
- Kiitikio kinasema mimi, wewe au sisi?
- Nani anamaliza? Hapa ndipo hukumu ilipo.

Hilo la mwisho limenishughulisha sana. Katika nyimbo nyingi nilizozisikia, mwanamume anaanza na mwanamume anamaliza, na mwanamke amewekwa katikati kama kitumbua kati ya vikombe viwili vya chai. Nyingine zinamaliza kwa sauti mbili pamoja, zikififia polepole, na hizo naziona za uoga. Mtunzi ameitisha kikao, amesikia pande mbili, kisha amewaomba watu radhi na kuzima taa.

Yasiyoimbwa

Tulipokaribia Nangurukuru, panapochepuka njia ya Kivinje na Masoko, bibi alianza kukusanya mizigo yake. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani, vichekesho vimerudi. Akasema, kana kwamba tulikuwa bado tunazungumza:

"Mimi na baba watoto wangu tulipoachana hatukuimba. Tulihesabu mikorosho."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mikorosho mingapi aliikuta, mingapi waliipanda pamoja, ipi ya mjomba wake isiyogawanywa. Kazi ya siku mbili, wazee wanatembea shambani, mtoto wao mkubwa akibeba kibuyu cha maji.

Hapo ndipo nilipoona upungufu wa nyimbo zetu. Wapenzi wa kwenye nyimbo wana moyo, machozi, usiku na picha kwenye simu. Hawana mtoto. Hawana shamba. Hawana deni la ada. Sheria inajua zaidi kuliko wimbo: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Jambo zito namna hiyo, la kupika na kufua kuhesabiwa kama tofali, halijapata kiitikio ninachokijua. Na desturi za kusini zina utajiri wake. Kwa Wamwera na Wamakonde, kwa mila za zamani, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Penzi likivunjika aliyefunga virago alikuwa mwanamume. Sijasikia bado wimbo wa mwanamume anayetoka na kitanda chake kichwani, wakwe wakimtazama, watoto wakibaki na wajomba zao. Video zetu zote zinamtoa mwanamke na sanduku.

Masimulizi ya kale ya Kilwa Kisiwani yenyewe ni habari ya kutengana. Yanasema mkuu wa kisiwa aliwauzia wageni wa Shirazi kisiwa kile kwa nguo, akahamia bara, kisha akajuta akataka kurudi, na bahari ikawa imeshajaa katikati. Lakini binti yake alibaki kisiwani, mke wa yule mgeni. Akazaa. Mtoto alipokua akavuka maji kwenda kumwona babu yake. Ule mlango wa bahari kati ya Kisiwani na Masoko ni kama kilomita mbili, na mashua bado zinauvuka kila siku. Walioachana huwa hawaachani kabisa pale penye mtu mdogo wa kuvuka kati yao, na huyo ndiye sauti ya tatu ambayo hakuna studio iliyomwita.

Kwa hiyo, wewe mtunzi wa Kilwa, wa Mchinga, wa Lindi mjini, uliye na kompyuta na maikrofoni iliyofungwa soksi: tuandikie huo. Mwanamume aimbe ubeti wa kuondoka kwa wakwe. Mwanamke aimbe ubeti wa mikorosho, aihesabu mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Mtoto apewe mstari mmoja tu. Tia na chemko mwishoni, tafadhali, watu wasimame. Na mwache mwanamke amalize. Ukiutoa niletee, kutoka Nangurukuru hadi Kivinje ni bodaboda moja tu, flashi ya bibi nitaipeleka mwenyewe.